Nafsi na Wadai Wake

Mhadhara kwa Waislamu wa Mkange, mwanzoni mwa mwaka wa Hijria



Mwaka wa Hijria umegeuka. Muharram imetukuta watu wa Pwani katika msimu wa ufuta, wakati ambao kila mkulima anaweza kusema bila kutazama karatasi ametumia kiasi gani kwa palizi, amevuna magunia mangapi na anadaiwa na nani. Wazee wa hapa waliniomba nizungumzie mtu kukaa na nafsi yake na kuihesabu, ibada ambayo wanavyuoni huiita muhasaba.

Vitabu vimeieleza ibada hii kwa pande nyingi. Mimi leo nitashika upande mmoja, kwa kuwa ndio ninaoona tunaukwepa kila mara. Nasema kwamba mtu hajajihesabu mpaka hesabu yake imemfikisha kwenye jina la mtu mwingine. Akiishia kwenye machozi, kwenye majuto ya jumla, kwenye istighfari za usiku, ilhali mtaa wa pili yupo mwanadamu ambaye haki yake bado ameishikilia, basi hesabu hiyo haijafungwa.

Tuanze na amri yenyewe. Katika Suratul-Hashr, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini wamche Yeye, kisha anaiagiza kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho, yaani Akhera. Halafu anarudia tena amri ya kumcha. Agizo la kujitazama limewekwa katikati ya amri mbili za ucha Mungu. Aya inayofuata inatuonya tusiwe kama watu waliomsahau Mungu, naye akawasahaulisha nafsi zao wenyewe. Tazameni adhabu hiyo ilivyo nzito. Mtu anaweza kula, kulala, kufanya biashara na hata kuswali, huku nafsi yake ameshaisahau, hajui inataka nini wala inakwenda wapi. Na Suratul-Qiyama, baada ya kuapa kwa nafsi inayojilaumu, inasema mbele kidogo kuwa mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake, hata akileta nyudhuru zake zote. Tunavyojua sisi kutunga nyudhuru, aya hiyo inatosha kumwondolea mtu usingizi.

Masahaba waliifanya kazi hii bila kuipa jina kubwa. Imamu Malik amepokea katika Muwatta habari ya Anas bin Malik, aliyetoka siku moja pamoja na Sayyidna Umar bin al-Khattab. Umar akaingia ndani ya bustani yenye ukuta, Anas akabaki upande wa pili, na kutoka huko akamsikia Amirul-Muuminina akisema na nafsi yake peke yake, akiikaripia kwa cheo chake na kuiambia imche Mungu, la sivyo itaadhibiwa. Huyo ndiye mtu ambaye dola za Uajemi na Rumi zilikuwa zikimhofu. Hakuwa na msikilizaji, wala hakujua kwamba ukuta una masikio. Na Umar huyu huyu alikuwa akizunguka mitaa ya Madina usiku kuwasikiliza wenye njaa, na imesimuliwa kuwa alibeba unga mgongoni kumpelekea mwanamke na wanawe, akakataa kusaidiwa kwa kuwa Siku ya Kiyama hakuna atakayembebea mzigo wake. Bustani na gunia la unga ni mambo mawili ya mtu mmoja. Alichokisema na nafsi yake peke yake kilimtoa nje kwenda kwa watu.

Baadaye wakaja wanavyuoni walioipanga elimu hii. Basra ilimtoa al-Harith al-Muhasibi, aliyefia Baghdad mwaka 857, mtu aliyezichimba hila za nafsi kwa undani ambao bado unamshangaza msomaji. Lakini aliyeipanga kwa namna ambayo mkulima na mfanyabiashara wanaweza kuifuata ni Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111. Kazi yake kuu, Ihyaa, ina vitabu 40, na cha 38 kinahusu jambo hili. Anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara uliyemkabidhi mtaji. Asubuhi unawekeana naye masharti, mchana unamwangalia, jioni unakaa naye kwa daftari. Ukimkuta amepoteza, unamtoza. Ukimkuta mvivu, unamlazimisha jitihada. Na lawama unampa ili asizoee. Mtaji ni umri, na kila pumzi inayotoka haimrudii mwenyewe.

Mfano huo umenukuliwa misikitini hadi umezoeleka, na kwa kuzoeleka umepoteza makali yake. Makali yake yanaonekana katika maisha ya mwenyewe. Mwaka 1095 Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa Nizamiyya ya Baghdad, madrasa iliyokuwa na heshima kuliko zote za wakati ule, na wanafunzi wake, kwa maelezo yake mwenyewe, walifika 300. Akaanza kujitazama. Wala hakuanza na madhambi yake, alianza na amali aliyoiona kuwa ni bora kuliko zote alizonazo, yaani kufundisha dini. Akajiuliza anafundisha kwa ajili ya nani. Akakuta kinachomsukuma ni jaha, sifa na jina kuenea. Kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku, asubuhi ameazimia kuondoka, jioni azma imevunjika, mpaka ulimi wake ukafungwa akashindwa kutoa darsa, na chakula kikawa hakipiti kooni. Matabibu wakakata tamaa. Mwishowe akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha wanawe, akatoka Baghdad kuelekea Sham. Miaka mingi baadaye alirudi kufundisha, safari hii katika mji wa Nishapur, na ameeleza kuwa marejeo hayo hayakuwa marejeo kwenye hali ya zamani.

Nimeirefusha habari hii kwa sababu sisi tunaoshika vipaza sauti, mimi nikiwa mmoja wao, tunapenda kuwatuma waumini wakahesabu maovu yao. Ghazali alihesabu mema yake. Imamu anayeswalisha, mwalimu anayesomesha watoto, mfadhili aliyetoa mifuko ya saruji kwa ajili ya msikiti na akataka jina lake liandikwe ukutani, hao nao wana cha kukaa nacho usiku.

Sasa tuje kwa watu. Katika Sahih Muslim imo hadithi ambayo Mtume (S.A.W.) aliwauliza Masahaba kama wanamjua aliyefilisika. Wakajibu kwamba ni asiye na dirhamu wala bidhaa. Akawaeleza kuwa aliyefilisika katika umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini huyu amemtukana, yule amemsingizia, huyu amekula mali yake, yule amempiga. Wadai watapewa kutoka katika mema yake, na mema yakiisha kabla deni halijaisha, atabebeshwa maovu yao. Zingatieni kuwa mtu huyo hakufilisika kwa kuacha ibada. Alikuja nazo. Swala zake zilikuwepo, zikaenda kwa majirani.

Hapa ndipo wanavyuoni walipotenganisha haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Aliyekosa baina yake na Mola wake, toba yake ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Aliyemdhulumu mja ana sharti la nne, airudishe haki kwa mwenyewe au aombe radhi. Na katika Bukhari Mtume (S.A.W.) ametuusia tumalizane leo, kabla ya siku ambayo haitakuwa na dinari wala dirhamu. Mtoto wa darasa la pili la madrasa anaijua kanuni hii. Basi kwa nini katika usiku wetu wa toba sharti la nne ndilo linaloachwa? Naona ni kwa sababu masharti matatu ya kwanza mtu anayatimiza akiwa amejifunika shuka, na la nne linamtaka avae kanzu, atoke, abishe hodi.

Nizungumze na Mkange kama Mkange. Siku hizi ufuta na korosho za Mkoa wa Pwani hupita kwenye vyama vya ushirika na minada ya stakabadhi ghalani. Utaratibu huo uliwekwa ili mkulima asipunjwe, kwani kila mmoja hapa anajua kangomba ni nini. Mkulima ana mgonjwa nyumbani, mazao bado yamo shambani, anakuja mwenye pesa taslimu na kuyanunua kwa bei ya shida yake. Lumbesa nayo kila mmoja anaijua. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anashindilia, anashona kilemba juu ya gunia, na mkulima anakubali kwa kuwa mvua inakaribia na hana pa kuhifadhi. Qur'ani ina sura nzima iliyofunguliwa kwa watu wa namna hii, Suratul-Mutaffifin. Wakipimiwa wao wanataka kipimo kitimie, wakiwapimia wengine wanapunguza. Na swali linaloulizwa hapo hapo ni kama hawadhani kwamba watafufuliwa. Qur'ani imemwona mtu anayechezea mizani kama mtu mwenye shaka na Kiyama, hata kama ana sijda kwenye paji la uso.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye mizani, muhasaba wako wa usiku uanze na mizani. Na wewe mkulima uliyechanganya mchanga kwenye ufuta ili uzito uongezeke, huwezi kujificha nyuma ya dhulma ya mnunuzi. Mama anayetunza sanduku la kikoba, aliyechukua kidogo kwa nia ya kurudisha na wenzake hawajui, naye hesabu yake inaanzia hapo.

Nije kwenye ardhi, na hapa naomba mnivumilie. Serikali inajenga barabara ya lami ya kutoka Tanga kupitia Pangani hadi Makurunge, Bagamoyo, na kipande chake cha Mkange, Mkwaja hadi Tungamaa kina kilomita 95.2. Ni neema, na tumuombe Mungu ikamilike kwa salama. Lakini barabara inapofika, ardhi inapata bei, na ardhi ikipata bei ndugu wanaanza kutazamana vingine. Shamba ambalo marehemu mzee aliliacha na mpaka wake ni mwembe, halikuwa na ugomvi wakati halina mnunuzi. Leo anatokea mtu na gari, kaka mkubwa anatia sahihi, na dada zake walioolewa Miono au Matipwili wanasikia habari shamba likiwa limeshawekewa nguzo za uzio.

Suratun-Nisa, aya ya 7, imesema kuwa wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake wana fungu, kiwe kichache au kingi. Fungu lililofaradhishwa. Aya ya 10 katika sura hiyo hiyo imesema kwamba wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Na Bukhari na Muslim wamepokea kuwa mwenye kudhulumu ardhi, ijapokuwa ni kiasi cha shubiri, atavishwa shingoni ardhi saba. Nimekutana na wanaume wazuri, wa swafu ya kwanza, wanaosema dada hakudai, kwa hiyo amesamehe. Dada hakudai kwa sababu akidai ataambiwa anavunja undugu, na siku ndoa yake ikivunjika hatakuwa na nyumba ya kurudi. Ukimya wa mtu anayekuogopa hauhesabiki kuwa ni msamaha. Kama kweli amesamehe, mwite mbele ya wazee, umwoneshe fungu lake kwa mipaka, umwambie ni lake, kisha umsikilize atasemaje akiwa amelishika mkononi.

Tuna desturi moja nzuri sana hapa kwetu. Jeneza linapokuwa mbele, kabla ya swala, anasimama mtu wa familia na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu awaone warithi. Asili yake ni nzito. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache na asiyeacha cha kulipia, akawaambia Masahaba wamswalie mwenzao, yeye akajizuia, mpaka Abu Qatada aliposema deni hilo ni juu yake. Ndipo akamswalia. Sisi tangazo hilo tunalisikia kila mara, tunainamisha vichwa, na dakika mbili baadaye tumo kwenye takbira. Mdai mwenyewe anaona haya kunyanyua mkono mbele ya wafiwa. Nasema kila aliye hai alitoe tangazo hilo yeye mwenyewe, akiwa na miguu ya kutembea. Huo ndio muhasaba ninaouzungumzia.

Ipo hesabu nyingine, ambayo si ya mtu mmoja. Ni ya Pwani nzima, na nitaieleza kwa kumtaja mtu wa Bagamoyo.

Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wamemjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, asili yake ilikuwa Manyema, mashariki ya Kongo. Aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto, mtumwa, akakulia katika nyumba ya ukoo wa al-Lamki. Alianza kujitafutia kwa biashara ndogo ya samaki, baadaye akawa na mashamba ya minazi. Akasoma kwa masheikh, akasoma sana, akafungua darsa, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, tarika ambayo Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, aliieneza Unguja na mwambao huu. Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931. Watu walikuja Bagamoyo kutoka pande za mbali kusoma kwake na kuhudhuria maulidi, na baada yake mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akashika nafasi ya uongozi na kuwa mmoja wa waliounga mkono TANU katika kudai uhuru.

Tunapoisimulia habari hii, tunaisimulia kama sifa ya Sheikh Ramiya, na sifa anastahili. Mimi nataka tuwatazame waliokaa kwenye mkeka wake. Sheria ya Tanganyika iliyofuta utumwa kabisa ilitoka mwaka 1922, miaka tisa tu kabla ya kufariki kwake. Maana yake ni kwamba miongoni mwa waliomsikiliza walikuwemo watu waliokulia katika nyumba zilizomiliki watu, na wengine ambao wazazi wao walimilikiwa. Muungwana aliyezoea kumwita mtu wa bara mshenzi alipaswa kukunja miguu, kushusha macho na kupokea elimu ya dini yake kutoka kwa mtu aliyepata kuuzwa. Hakuna wiridi unaoitikisa nafsi kuliko hali hiyo. Naamini baraka ya Bagamoyo ya siku zile haikuwa katika dhikri za usiku peke yake. Ilikuwa pia katika kukubali, kwa waliokubali, kwamba Mwenyezi Mungu ameweka elimu alipotaka.

Na habari hii haikuishia mjini. Nyinyi wa Mkange mko nyuma ya Saadani, bandari ya misafara, mji wa Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani. Njia zilizoteremsha pembe za ndovu ziliteremsha pia watu. Katika miaka ya 1830 njaa iliipiga nchi ya Uzigua, na watu wakajiweka rehani au kuuzwa kwa ajili ya chakula, wakapakiwa majahazini na kupelekwa Somalia. Vizazi vyao viko bonde la mto Juba na bado vinasema Kizigua. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowafukuza, baadhi yao walikimbilia Handeni, nchi ya mababu zao, wakapewa makazi huko Chogo. Hao ni jamaa wa watu waliomo humu msikitini.

Dini yetu haikuwa kimya kuhusu jambo hili. Qur'ani ilifanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya makosa kadhaa, Suratul-Balad ikakutaja kuwa ndiko kuikwea njia ya mlimani, na Suratun-Nur ikawaamrisha wenye watumwa kuwaandikia mkataba wa uhuru wenye kuutaka na kuwapa katika mali ya Mungu. Mlango ulikuwa wazi karne zote hizo, na biashara ikaendelea, na waliokuwa wakiifanya walikuwa wakiswali. Kuna wanaosema Wazungu walizidisha habari za utumwa ili kuutia Uislamu doa. Inawezekana wapo waliofanya hivyo. Lakini shahidi juu ya nafsi yake, kwa mujibu wa Suratul-Qiyama, ni mtu mwenyewe, na kosa la msimulizi halifuti kosa la mtendaji.

Mabaki yake yapo hadi leo. Kijana anakuja kuposa, ana dini, ana tabia, ana kazi. Anakataliwa, na neno linalotumika ni kufu. Ukiuliza kufu ya nini, wanakwambia kwa sauti ya chini babu yake alikuwa nani. Wazee wangu, nawaambia kwa mapenzi: anayemkataa mtu kwa sababu hiyo, kisha akaenda kuzuru kaburi la Sheikh Ramiya na kuomba dua, hajamwelewa aliyelala pale.

Washairi wetu walikuwa na ujasiri wa kujisema. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeishi Pate na Lamu kati ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, aliyatazama magofu ya Pate, majumba ya matajiri yaliyokuwa na taa na vyombo vya China, yakiwa yamebaki kwa popo. Akatunga Al-Inkishafi. Angeweza kuwasema matajiri waliokufa, wasingemjibu. Yeye akausemeza moyo wake mwenyewe. Sisi tunayo magofu yetu Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Tunawapeleka watoto wa shule wakapige picha. Wapelekeni, na walimu wawaulize watoto swali moja la ziada: mawe haya yalibebwa na nani, na alilipwa?

Miaka mia moja baada ya Sayyid Abdalla, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alifanya kazi kama hiyo kwa kalamu ya gazeti. Mwaka 1932 alitoa Al-Islah, na badala ya kuwalaumu wakoloni kwa kila kitu, aliwaandikia Waislamu wa Pwani kuhusu israfu ya harusi na matanga yao na uzembe wao wa elimu. Wengi walimchukia. Maneno yake mengi yangesomwa leo bila kubadilishwa tarehe.

Nimesema mengi ya kuwaelekea watu, sasa nitahadharishe. Muhasaba una maradhi yake. La kwanza ni wasiwasi. Wapo waliojihesabu hadi wakawa hawaamini udhu wao, wanarudia nia mara kumi, wanaona kila raha ni dhambi. Huo ni ugonjwa, na dawa yake ni fiqhi na mwalimu mpole. La pili ni kukata tamaa, na mwenye kukata tamaa amejihesabu bila kumhesabu Mola wake, ambaye rehema yake imetangulia. Ugonjwa unaotuua zaidi hapa kwetu, hata hivyo, ni wa tatu: kumhesabu jirani. Wanaosoma maulidi wanawahesabu wasiosoma, na wasiosoma wanawahesabu wanaosoma. Kijana aliyerudi juzi kutoka chuo anajua bid'a zote za babu yake, wala hajui babu amekula nini jana. Usiku mmoja wa ugomvi huo unameza mwaka mzima wa toba.

Jinsi ya kuifanya kazi hii haihitaji maelezo marefu. Baada ya Isha, kabla ya kulala, kaa kidogo peke yako, simu ikiwa mbali. Pitia siku yako kwa watu uliokutana nao, mmoja mmoja, kuanzia wa nyumbani. Kwa kila mmoja jiulize kama alitoka mikononi mwako na haki yake kamili. Ukikuta hapana, usiridhike na istighfari, andika jina. Kisha lala. Asubuhi una pa kwenda. Wanaume tusisahau kuwa jina la kwanza kwenye karatasi mara nyingi litakuwa la mke, kwa mahari aliyoahidiwa na hajapewa, au kwa neno lililosemwa mbele ya watoto.

Wazee wa Mkange nina ombi kwenu. Ashura inakuja siku chache zijazo. Kabla haijafika, tengeni kikao kimoja hapa msikitini, baada ya Alasiri, kwa ajili ya mafungu ya mirathi ambayo hayajagawiwa. Waiteni wanawake, waje na mashahidi wao, na awepo mtu anayejua faraidhi. Atakayeridhiana na ndugu yake aandikiwe, wote watie sahihi, na hati ya kimila ya ardhi ifuatiliwe kwenye serikali ya kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoruhusu. Nanyi mlionisikiliza usiku huu, kila mmoja amwendee mdai wake mmoja kabla ya Ijumaa. Mwenye fungu la dada yake mkononi aanze na huyo.